Jinsi ya kuzipa maksi nyimbo zako mwenyewe ukiwa umeweka shafo

Wengi wenye mkusanyiko mkubwa wa nyimbo kwenye simu au kompyuta wanazunguka na zilezile chache kila siku, zingine zimekaa tu humo miaka na miaka, zimehamishwa kutoka diski moja hadi nyingine, kutoka memori kadi ya zamani hadi simu mpya, na hakuna anayezigusa. Sio kwamba ni mbaya, ni vile hazijawahi kupewa nafasi. Wewe ukichagua mwenyewe unachagua unachokijua, na ukisikiliza albamu nzima basi wimbo wa saba unabebwa na wa sita, jina la msanii linaubeba, kava linaubeba, hata ule uzito wa kwamba albamu yenyewe inasifiwa na kila mtu nao unaubeba. Kwenye shafo, yani programu ikikupigia nyimbo bila mpangilio, wimbo unatokea tu, kabla yake kulikuwa na kitu tofauti kabisa na baada yake hujui kinakuja nini, hauna wa kuuegemea. Maksi utakazoupa pale ni zake mwenyewe, na hii ndo sababu kubwa nawaambia watu wafanye hivi na sio kukaa kupanga listi za nyimbo bora kichwani.

Ila ukiweka shafo hivihivi tu na kuanza kugonga nyota utapata maksi za ovyo. Kuna vitu vya kuweka sawa kwanza, na nitakaa sana kwenye viwili, sauti na kipimo, kwa sababu huko ndo watu wanaharibu.

Safisha kwanza kinachoingia

Kabla ya chochote tengeneza pleilisti moja ya kufanyia hii kazi, usipige shafo kwenye kila faili la sauti lililopo kwenye kifaa. Toa mahubiri, vitabu vya kusikiliza, podikasti, milio ya simu, rekodi za voisi, toa vile vipande vya sekunde 40 ambavyo msanii kaweka anaongea tu katikati ya albamu. Vipande vya klasiki navyo viangalie, kama kazi moja imekatwa sehemu nne basi sehemu ya tatu ikitokea peke yake unaihukumu kwa kosa ambalo sio lake, mi naonaga bora kazi za namna hiyo zikae pembeni zisikilizwe nzima siku yake. Nyimbo zilizojirudia pia, yani ile ya kwenye albamu na ileile ya kwenye mkusanyo wa nyimbo bora, acha moja.

Kama programu yako inaruhusu pleilisti inayojijaza yenyewe kwa masharti, weka sharti kwamba nyota ni sifuri. Kila ukiupa wimbo maksi unaondoka wenyewe kwenye foleni, wewe unabaki na ambazo bado. Ukiwa na programu ya Apple kwenye Mac kumbuka nyota zimezimwa, unaziwasha kwenye mipangilio, na humo kuna kamtego kengine: ukiipa albamu nzima nyota, nyimbo zake zinapata nyota za kukisiwa zenye rangi hafifu, ambazo sio maksi ulizotoa wewe. Usipe albamu kitu kabisa mpaka umalize nyimbo.

Shafo yenyewe ni ipi

Kuna kupanga upya na kuna kubahatisha, na hivi ni vitu viwili. Kupanga upya maana yake programu inachukua listi nzima inaivuruga mara moja halafu inapiga kutoka juu mpaka chini, kila wimbo unatokea mara moja tu. Njia maarufu ya kufanya hivyo inaitwa Fisher-Yates, hao mabwana wawili waliichapisha mwaka 1938 kwa ajili ya kazi za takwimu, watu wakifanya kwa karatasi na kalamu, halafu 1964 Richard Durstenfeld akaiandika kwa namna inayofaa kompyuta. Kubahatisha ni tofauti, kila wimbo ukiisha programu inachomoa mwingine kutoka kwenye listi yote bila kujali umeshapigwa au la. Ukiwa na nyimbo 2000 na ukapiga mara 2000 kwa kubahatisha hivyo, karibu 37 kwa 100 zitakuwa hazijatokea hata mara moja, hizo ni kama nyimbo 736, huku zingine zimejirudia mara tatu nne. Kwa kazi ya kutoa maksi unataka ile ya kwanza. Kujua yako ni ipi ni rahisi, tengeneza pleilisti ya nyimbo kumi, weka shafo, zima ile ya kurudia, angalia kama kuna wimbo unajirudia kabla zote hazijaisha.

Halafu kuna lile lalamiko la kila siku kwamba shafo ina upendeleo, mbona inapiga msanii huyuhuyu mara mbili mfululizo. Haina upendeleo jamani, bahati nasibu ndo ilivyo, inakusanya vitu. Chukua mfano una nyimbo 2000 za wasanii 20, kila mmoja nyimbo 100. Ukisikiliza nyimbo 20 kwa mkao mmoja, uwezekano wa msanii kufuatana na yeye mwenyewe angalau mara moja ni kama 62 kwa 100, yani ni kawaida zaidi itokee kuliko isitokee. Malalamiko yalikuwa mengi mpaka Spotify mwaka 2014 walieleza kwamba wamebadilisha shafo yao iwatawanye wasanii, kwa sababu ile ya bahati kamili watu walikuwa hawaiamini. Kwa hiyo ukisikia wawili wa msanii mmoja wamefuatana usiruke, mpe wa pili haki yake, ila ukitaka andika alama ndogo pembeni kwamba huu ulifuata ndugu yake, utausikiliza tena baadae.

Sauti, hapa ndo penye shida kubwa

Sikio la binadamu likisikia vitu viwili na kimoja kina sauti kubwa kidogo tu, linakipenda hicho, hata kama tofauti ni ndogo mno huwezi kusema ni sauti imeongezeka, unahisi tu huu una nguvu, huu una uhai. Nyimbo zilizorekodiwa zamani mara nyingi ziko chini, nyingi za kuanzia miaka ya 1990 kuja huku zimesukumwa juu sana, sasa ukichanganya hizo kwenye shafo bila kusawazisha unakuwa hutoi maksi kwa wimbo, unatoa kwa fundi aliyepandisha sauti. Na ukiwa unashika kitufe cha sauti kila wimbo, unapunguza huu unaongeza ule, ndo mbaya zaidi, maana kila wimbo umeusikia kwa kipimo chake.

Dawa ipo na imekuwepo tangu 2001, inaitwa ReplayGain, ilipendekezwa na David Robinson. Programu inapita kwenye kila faili, inapima huo wimbo sikio linausikia mkubwa kiasi gani, halafu inaandika namba kwenye tegi za faili, yani yale maelezo yanayokaa ndani ya faili pamoja na muziki, kwamba ukipiga huu shusha kiasi hiki au pandisha kiasi hiki. Muziki wenyewe hauguswi. Programu ya kupigia muziki inayoitwa foobar2000 inafanya hiyo kazi vizuri sana, unachagua nyimbo zote unaiachia ipime. Kwa watumiaji wa Apple kuna Sound Check, wazo ni lilelile. Sasa sikiliza hapa, ReplayGain ina namna mbili, ya albamu na ya wimbo mmojammoja. Ya albamu inalinda tofauti za sauti ndani ya albamu, kwamba wimbo wa kinyonge ubaki mnyonge. Ukiwa kwenye shafo tumia ya wimbo mmojammoja, hii watu wanaisahau kabisa halafu wanasema haifanyi kazi.

Ukishasawazisha, chagua sauti moja ya wastani na usiiguse mpaka umalize. Sababu yake ilishapimwa na watafiti wa sauti Fletcher na Munson mwaka 1933: sauti ikiwa chini sikio linapoteza besi haraka kuliko linavyopoteza zile za katikati. Wimbo unaoishi kwa besi ukiusikiliza chini usiku umeunyima nusu ya mwili wake, kesho ukiusikiliza juu utauona mpya. Kifaa nacho kiwe kimoja, kama ni hedifoni basi hedifoni mwanzo mwisho, usichanganye leo spika ya simu kesho spika kubwa. Zima na ekwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na zile za juu. Zima ile ya kuunganisha wimbo na wimbo, inayofifisha mwisho wa huu huku mwingine unaingia, mwisho wa wimbo ni sehemu ya wimbo na kuna nyimbo zinashinda pale pale mwishoni.

Na faili likiwa bovu, limebanwa sana mpaka matoazi yanasikika kama mvua kwenye bati, usiukate wimbo maksi. Weka alama kwamba faili libadilishwe, uendelee.

Kipimo

Watu wanapenda kutoa 7.3 na 8.6. Mi sikubaliani nayo kabisa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alionyesha kwamba mtu akipewa kitu kimoja kimoja akipange kwenye ngazi, kama ukubwa wa sauti au urefu wa mstari, anaweza kutofautisha ngazi kama saba hivi bila kujichanganya. Kwa hiyo hiyo desimali unayotoa leo kesho huwezi kuirudia, ni kelele tu. Nyota tano zinatosha, ukibanwa sana weka na nusu.

Muhimu zaidi ni kila nyota iwe na maana ya kitendo, sio ya hisia za jumlajumla. Ukisema nne ni nzuri sana na tatu ni nzuri, wiki ijayo hutajua ulimaanisha nini. Mi naona hivi: nyota 3 maana yake ukitokea siuruki, nausikiliza mpaka mwisho nikiwa nafanya mengine na sina tatizo nao. Nyota 2 ni kwamba kidole kinatafuta kuruka. Nyota 1 sitaki utokee tena. Nyota 4 ni pale naacha kidogo ninachofanya nageuka kusikiliza. Nyota 5 nataka kuurudia palepale, na ningemtumia mtu bila kuulizwa. Hiyo unaweza kuibadilisha iendane na wewe ila iandike mahali, na isibadilike katikati, maana ukianza kulegeza ukifika wimbo wa mia tano zile mia za mwanzo zimekuwa za mtu mwingine.

Kuna wanaosema maksi lazima zigawanyike vizuri, tano chache, moja chache, tatu nyingi katikati. Usijilazimishe. Huu ni mkusanyiko wako, kila kilichomo ulishakichagua siku moja, ni kawaida kabisa tatu na nne zijae na moja ziwe za kutafuta. Cha kuangalia ni kimoja tu, kama zaidi ya nusu ni tano basi hiyo tano haikuambii kitu, rudi kwenye maana yake uikaze.

Sasa sikiliza

Kaa na nyimbo kumi na tano mpaka ishirini kwa mkao, isizidi. Ishirini za dakika nne nne ni saa moja na dakika ishirini, baada ya hapo masikio yanachoka na kila kitu kinakuwa tatu. Geuza skrini chini usione jina wala kava. Nyingi utazitambua hata hivyo, lakini zile usizozitambua ndo dhahabu yenyewe ya hii kazi, unajikuta unasikiliza kitu chako mwenyewe kama mgeni.

Usitoe maksi kwenye sekunde 30 za kwanza. Intro inadanganya pande zote mbili, kuna nyimbo zinaingia na gitaa tamu halafu haziendi popote, zinazunguka palepale mpaka unachoka, na kuna zinazoanza kama hazijui zinataka nini halafu kwenye vesi ya pili besi inaingia na ghafla unaelewa kwanini mwanzo ulikuwa mtupu vile, ule utupu ulikuwa unakutengenezea nafasi. Sheria ninayoifuata, wimbo usikilizwe mzima, ukishindwa kabisa basi angalau ufike baada ya kiitikio cha pili, na ukiruka usitoe nyota, weka alama kwamba uliruka. Kuruka sio maksi, pengine ulikuwa na haraka tu.

Toa maksi ule wimbo unapoisha, kabla wa pili haujaingia. Simamisha hata sekunde kumi. Ukisubiri utoe za nyimbo tano kwa pamoja, ule wa mwisho unakula wenzake. Na usirekebishe maksi ya wimbo uliopita kwa sababu huu wa sasa ni mkali zaidi, hiyo ndo njia ya kuziporomosha zote, kila wimbo mkali ukitokea unashusha waliotangulia mpaka unachanganyikiwa.

Pamoja na nyota andika mstari mmoja, mfupi, kwenye sehemu ya maoni ya faili au kwenye daftari la kawaida. Uwe kitu kinachosikika. Usiandike safi sana, andika "sauti ya pili inaingia dakika ya 2:40 na wimbo unageuka", au "ngoma zinatangulia kidogo mbele ya besi, inavuta", au "maneno mazuri ila kiitikio kimerudiwa mara nyingi mno". Ukilazimika kutaja sababu, maksi zinakuwa za haki zaidi, mara nyingi utakuta ulitaka kutoa mbili halafu unapoandika unagundua kosa lote ni dakika ya mwisho tu, ule wimbo ni wa tatu na ungeisha mapema ungekuwa nne.

Nyimbo zenye kumbukumbu watu wanauliza sana. Wimbo wa mtu uliyempenda, wimbo uliokuwa unapigwa nyumbani ukiwa mdogo. Wengine wanasema uziondoe, hazihukumiki. Mimi nasema ziache na uzipe maksi kama zingine, ile kumbukumbu ni sehemu ya unavyousikia na huwezi kuichomoa, ila andika kwenye ule mstari kwamba hapa kuna kumbukumbu. Siku ukitaka kumpendekezea mtu mwingine utajua kwamba nyota mbili kati ya zile tano ni zako peke yako.

Mkiwa wawili, kila mtu aandike kimya kimya halafu ndo mwonyeshane. Mmoja akitangulia kusema "huu mkali" basi mwingine ameshakwisha. Na ukiwa unaendesha gari usifanye hii kazi, sikiliza tu.

Maksi zinakaa wapi

Hili lifupi lakini limewaliza watu. Programu zingine zinaandika nyota ndani ya faili la wimbo, zingine zinaziweka kwenye database yao, na ukihama programu au simu ikafa maksi zote zinakwenda. Apple wanaziweka kwenye maktaba ya programu, kwa hesabu ya 0 mpaka 100, kila nyota ni 20. Kwenye MP3 zenye tegi za aina inayoitwa ID3v2 kuna sehemu maalum inaitwa POPM, inabeba namba mpaka 255, na ina nafasi ya imeili ya aliyetoa maksi ili watu wawili wanaotumia faili moja kila mmoja awe na zake. Windows inatumia 1, 64, 128, 196 na 255 kwa nyota moja mpaka tano, programu zingine zinakata tofauti, ndo maana ukihamisha wakati mwingine nne inasomeka tatu na nusu. Programu za muziki za MusicBee na MediaMonkey zinaweza kuandika ndani ya faili, hakikisha umewasha hiyo, na jaribu kwa wimbo mmoja ukaufungue na programu nyingine uone kama nyota ipo kabla hujamaliza mia mbili.

Raundi ya pili

Nyimbo 2000 za dakika nne ni kama saa 133, kwa saa moja kila siku ni zaidi ya miezi minne, kwa hiyo usikimbilie kumaliza. Lakini ukishafika kama mia tatu hivi, chagua thelathini kwa bahati nasibu, nakili maksi zake mahali pengine halafu zifute kwenye programu, zirudishe kwenye foleni bila kukumbuka ulizipa ngapi. Zikirudi zilezile au zikipishana nyota moja, kipimo chako kiko imara. Zikipishana mbili simama hapo. Mara nyingi utakuta ni wimbo ambao ulikuwa mgeni kabisa mara ya kwanza na sasa masikio yameuzoea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilionyesha hilo mwaka 1968, kwamba kukutana na kitu mara kwa mara peke yake kunaongeza kukipenda. Hiyo ina maana wimbo usioujua uliopata tatu mara ya kwanza uko kwenye nafasi nzuri kuliko wimbo unaoujua miaka kumi uliopata tatu. Mi hizo tatu za wageni naziwekaga kwenye pleilisti yake, zipate kusikika mara mbili tatu zaidi kabla sijakubali kwamba ni tatu.

Zile za nyota moja usizifute siku hiyohiyo. Zitoe kwenye foleni, ziweke folda yake, na raundi ya pili ziingie tena zikiwa zimechanganywa na zingine bila alama yoyote. Itakayopata moja mara mbili, siku tofauti, baada ya majirani tofauti, hiyo futa, ila chukua bekapu ya maktaba nzima pamoja na maksi zake kabla hujabonyeza.